Glasi Nne Kifudifudi

Ellerby Wells, Yorkshire
2 Desemba 1962

Mwanangu Clifford,

Salamu kutoka nyumba namba nane, ambako sote tu wazima isipokuwa bomba la jikoni. Baba yako mdogo Harold anakohoa, anailaumu hali ya hewa, kisha anawasha sigara nyingine. Njiwa wake wawili walirudi wa mwisho kwenye mashindano ya Septemba na mpaka leo hasemi nao. Bibi Ackroyd wa jirani sikio la kushoto limeziba kabisa, kwa hiyo kila tunalomwambia mtaa mzima unalisikia.

Kazi ipo. Tulidhani Chumba cha Maji kitafungwa mpaka Pasaka kama miaka yote, lakini hoteli kubwa ya pale juu imepata akili mpya. Imetangaza kwenye magazeti ya London: wikendi ya majira ya baridi, Ijumaa mpaka Jumapili, chumba chenye moto, chakula cha jioni chenye muziki, na glasi ya maji ya afya ya chemchemi yetu kila asubuhi. Nani mwenye akili timamu atapanda treni kuja Yorkshire kwenye baridi hii anywe maji yanayonuka mayai viza? Basi wanakuja! Wiki iliyopita walikuja kumi na wawili. Nasimama nyuma ya kaunta na aproni yangu nyeupe, nawatazama wanavyonusa na kukunja nyuso. Huu mwaka wa ishirini na sita, na bado nacheka moyoni.

Sasa neno lenyewe. Barua yako ya Oktoba ilikuwa na jina la Rosalind mara saba. Harold alihesabu. Mlete Krismasi. Chumba chako nimekipaka rangi. Kama kwao ni watu wakubwa, tuna vikombe sita vizuri vya mama yangu, na Harold nitamnyoa mwenyewe. Wewe ndiye mtoto niliyepewa, sina mwingine wa kuniletea mkwe.

Shangazi yako,
Ivy


Ealing, London
17 Desemba 1962

Shangazi mpendwa,

Nimefurahi kusikia mu wazima. Soksi ulizonifumia zimefika, zinanitosha sawasawa. Mpe pole baba mdogo kwa njiwa. Mimi sijambo, na Rosalind hajambo.

Krismasi hii sitaweza kuja. Ofisini tunachora ramani za shule mbili kwa mpigo na bwana mkubwa ametuzuia likizo. Nasikitika sana. Natuma glavu za ngozi, zako za kahawia, za baba mdogo nyeusi.

Siku hizi zamu zako ni zipi? Wikendi unafanya kazi siku zote mbili? Nauliza tu.

Wako,
Clifford


Ellerby Wells
6 Januari 1963

Mwanangu Clifford,

Heri ya mwaka mpya, kama barua hii itapita kwenye theluji. Tangu siku ya pili ya Krismasi inaanguka tu. Harold amechimba njia kutoka mlangoni hadi kwa njiwa, wamepatana sasa. Bibi Ackroyd anashinda Chumba cha Maji karibu na jiko la makaa, anasema makaa yetu ni ya bure na yake si ya bure.

Glavu ni nzuri mno. Nazivaa kanisani tu. Tulikuwekea sahani yako mezani siku ya Krismasi, ni mazoea.

Umeniambia Rosalind hajambo, lakini hukusema ananisalimu. Labda umesahau.

Zamu zangu: Jumapili nafanya, Jumamosi napumzika, Bi Tordoff hushika kaunta. Kwa nini unauliza? Kama unapanga kunishtukiza, usinishtukize Jumamosi, utanikuta na vibiringo vya nywele kichwani kama kondoo. Nishtukize Jumapili. Nitakuwa na aproni safi na utaniona nikiwa mtu.

Wako akupendaye,
Shangazi Ivy


Ealing
30 Januari 1963

Shangazi mpendwa,

U mzima? Na baba mdogo? Huku theluji imetushinda. Maziwa yanaganda mlangoni, yanainua kifuniko cha chupa kama kofia. Treni za chini ya ardhi zinakwenda zikitaka.

Hapa hakuna jipya. Wikendi iliyopita nilikuwa na kazi. Nimekutumia boksi la chokoleti, lile kubwa lenye utepe. Hakuna sababu, nimelitaka tu.

Jitunze. Usisimame sana.

Clifford


Ellerby Wells
12 Februari 1963

Mwanangu Clifford,

Sisi tuko. Bomba la jikoni limepasuka, Harold amelifunga kwa tai aliyovaa kwenye harusi yetu. Njiwa mmoja amekufa kwa baridi, Harold alilia kidogo akasema ni moshi. Chokoleti zimefika. Harold amezila zote. Mimi sikuonja.

Ulisema huko hakuna jipya. Huku lipo, acha nikusimulie.

Jumamosi ile ya tarehe 26 nilikuwa kazini. Haikuwa siku yangu. Bi Tordoff aliteleza kwenye barafu mlangoni pake akavunja mkono, nikaitwa asubuhi, nikavitoa vibiringo huku natembea. Saa nne wakaingia wageni wanne wa hoteli. Bwana mzee mwenye fimbo, daktari bila shaka, maana alitaka kujua maji yana nini ndani kabla hajavua kofia. Mkewe mwenye kola ya manyoya. Binti yao, mwenye macho ya mtu anayesikiliza. Na kijana mrefu mwenye koti la kijivu.

Yule kijana aliponiona alisimama pale mlangoni kama mtu aliyesahau kitu nje. Nikajua kuna jambo, na mimi si mtu wa kumwaibisha mteja. Nikamimina glasi nne. Kisha nikamfungulia njia. Nikamwuliza kwa sauti yangu ya kazini, "Ni mara yako ya kwanza kuja mji wetu, bwana?"

Nilidhani atacheka. Kweli kabisa, nilidhani atacheka aseme, "Shangazi, acha mzaha wako," tukumbatiane juu ya kaunta na yule mama wa manyoya ashangae.

Akasema, "Ndiyo, mama. Mara ya kwanza." Na kwa lafudhi ya London.

Wale watatu wakanusa. Mama akasema, "Mungu wangu, Hugh, hili ni banda la kuku!" Bwana mzee akasema ndiyo dawa yenyewe. Kijana hakunusa. Aliibana pua kwa ndani bila kuigusa, akameza yote kwa pumzi moja, akaigeuza glasi kifudifudi juu ya kitambaa.

Sasa wewe unajua, kwa kuwa umekulia nyuma ya kaunta ile ukifuta glasi kabla ya kufanya hesabu zako za shule. Mgeni huiacha glasi ikitazama juu, na sisi huijaza tena, maana daktari wa zamani aliandika glasi mbili. Mtoto wa Ellerby hujifunza kugeuza glasi kabla ya kujifunza kufunga viatu. Yule binti aliitazama ile glasi. Kisha akamtazama kijana. Masikio ya kijana yalikuwa mekundu.

Nilifanya haraka. Nikachukua glasi za wale watatu, moja ilikuwa bado imejaa, nikazimwaga kwenye karai, nikazigeuza zote pale pale. Zikawa nne kwa mstari, hakuna iliyo peke yake. Nikasema, "Ndiyo desturi yetu hapa." Wakaondoka kwenda kutazama bustani ya barafu.

Kama unamjua kijana huyo, mwambie lile koti halina bitana ya kutosha.

Ivy


Ealing
21 Aprili 1963

Shangazi,

Nimeandika barua hii mara tisa. Salamu kwenu. Baba mdogo amepona kikohozi? Mimi sijalala vizuri tangu Februari, na sistahili.

Nilikuwa mimi. Naona haya hata kuandika maneno hayo mawili, kana kwamba hukujua. Ile safari ilikuwa zawadi ya Daktari Amory, baba yake Rosalind, kwa mkewe na kwetu. Aliona tangazo gazetini. Alipotaja Ellerby Wells mezani uma ulinianguka. Ndipo nikakuuliza zamu zako. Nilipanga Jumamosi nije nao, Jumapili niseme tumbo linaniuma. Nililala kitandani hotelini Jumapili ile nikisikia kengele za kanisa lako, nikijua umevaa glavu.

Nilikuwa na nafasi. Ulinipa kabisa, ukanishikia mlango. Na nikaona mikono yako ikizigeuza zile glasi ili mimi nisijulikane, na nikakuacha uzigeuze.

Bado sijakwambia lililo baya zaidi. Mara ya kwanza nilipokwenda kwa wazazi wa Rosalind, miaka miwili iliyopita, mama yake aliuliza watu wangu. Nikasema baba alikufa vitani na mama kwa kifua, ambayo ni kweli. Akauliza, "Na nani alikulea, maskini?" Nikasema shangazi, nikataja Leeds badala ya Ellerby. Akauliza shangazi anafanya nini. Kulikuwa na visu vya kulia samaki tu mezani, Shangazi, sikuwahi kuviona maishani, na mtumishi alikuwa amesimama nyuma yangu na aproni kama yako. Nikasema umekufa.

Nilisema hivyo. Na Bibi Amory akanishika mkono, na Rosalind akatokwa na machozi, nami nikala samaki.

Harusi ni tarehe 15 Juni. Sijui nifanye nini. Nimewaza labda ungekuja kama rafiki wa zamani wa mama yangu. Ungekaa mbele. Hakuna ambaye angeuliza.

Nisamehe.
Clifford


Ellerby Wells
28 Aprili 1963

Clifford,

Harold hajambo. Njiwa hawajambo.

Barua yako niliisoma nimesimama. Halafu nikakaa. Sikumwonyesha Harold, angepanda treni kuja kukuzaba makofi, na kifua chake hakiwezi safari.

Nilikufa kwa nini? Nataka kujua. Moyo? Tumbo? Niliteseka au nilikwenda usingizini? Ulinizika vizuri au ulifanya haraka kwa sababu samaki alikuwa anapoa? Miaka miwili mimi ni marehemu na hakuna aliyeniambia, nikaendelea kukufumia soksi. Wewe ukizivaa ulikuwa unamwambiaje huyo msichana? Zinatoka ahera?

Nilikuchukua una miaka minne, umevaa gauni la usiku la hospitali kwa sababu hukuwa na nguo nyingine. Sikuwahi kukwambia hilo na nisingekwambia, lakini leo nina hasira.

Kuhusu harusi. Sitakuja kama rafiki wa mtu. Sitakaa mbele wala nyuma. Aliyekufa haendi harusini. Usiniletee kadi, usiniletee kipande cha keki kwenye boksi, na tafadhali hakuna chokoleti. Waambie niko hai au niache nilipo. Hilo ni lako, sitakusaidia tena. Glasi nimeshageuza za kutosha.

Ivy Sugden


Ealing
9 Septemba 1963

Shangazi,

Sijui kama utaifungua hii. Natumai baba mdogo ana nafuu na njiwa wameshinda chochote.

Hapakuwa na harusi. Tarehe 5 Juni asubuhi Rosalind alinipigia simu ofisini, akasema anataka tuahirishe. Hakusema sababu. Nilikubali bila kuuliza, ndivyo nilivyo mwoga. Majira yote ya joto tulikuwa tunakutana bustanini Jumapili na kuzungumzia mbwa wa watu.

Juma lililopita nilimwambia. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi. Nikasema, "Shangazi yangu hajafa. Ni yule mama wa maji kule Ellerby." Nilifunga macho.

Akasema, "Najua."

Shangazi, anajua tangu Januari, tangu alipoona ulivyozigeuza zile glasi kunificha! Jumapili ile, nilipokuwa kitandani na tumbo langu la uongo, alishuka peke yake kabla ya kifungua kinywa akaja kwako kauntani. Anasema hakukuuliza lolote na wewe hukumwambia lolote. Alikunywa nusu glasi, machozi yakamtoka, akaigeuza kifudifudi kwenye kitambaa akakutazama. Anasema ulimtazama pia, ukasema, "Umebakiza, binti." Basi. Akarudi hotelini kuniuliza hali ya tumbo.

"Nilikuwa nasubiri," aliniambia. "Nilitaka kuona utamwacha kaburini muda gani. Nilipoona kadi za mwaliko zimechapwa na jina lake halimo, nikasema mwanamume akiweza kumzika aliyemlea kwa sababu ya visu vya samaki, mimi atanizika kwa sababu gani?" Pete ameivua. Hajanirudishia, ila hajaivaa.

Jioni ile ile nilikwenda kwao nikawaambia wazee, nimesimama, wala sikukaribishwa kiti. Daktari alitoka akaenda kukata waridi ambazo hazikuhitaji kukatwa. Bibi Amory, uso umemwiva, akauliza, "Alinisikia niliposema banda la kuku?" Nikasema ulisikia. Akaufunika uso kwa leso.

Daktari amelipia ile wikendi ya hoteli tena, ya kuanzia Ijumaa tarehe 6 Desemba. Anasema ni kwa ajili ya magoti yake. Rosalind atakuja. Mimi sikualikwa wala sikukatazwa. Naandika kuomba ruhusa yako, si yao. Nikija nitalala wapi ni juu yako. Naweza kulala stesheni.

Nakuonea haya, Shangazi. Sioni haya kwa ajili yako mbele za watu. Naona haya mbele yako wewe. Najua ni tofauti sasa na nimechelewa.

Clifford


Ellerby Wells
20 Oktoba 1963

Mwanangu Clifford,

Niliifungua. Ilikaa nyuma ya saa ya ukutani wiki tatu, nikiipita kila nikienda kuweka birika. Harold ndiye aliyesema, "Ivy, ama ichome ama isome, inanichosha." Hajambo. Njiwa mmoja amechukua nafasi ya pili, Harold amemnunulia mtama wa bei mbaya.

Yule binti ni kweli alikuja. Hakuniomba ninyamaze, ila jambo lake halikuwa langu la kukuandikia. Ukimya wangu ule ulikuwa kwa ajili yake, si kwa ajili yako, usijipe sifa. Anakunywa vibaya lakini atajifunza.

Kuna kitu mimi pia sijakwambia. Mwaka mzima nimekuwa mtu mwenye haki, nikakuandikia barua kali, na nilizifurahia. Sasa sikiliza. Jumamosi ile Bibi Ackroyd alikuwa amekaa pale karibu na jiko kama kawaida yake. Mlipotoka akanivuta aproni akasema, "Ivy, yule si Clifford wako? Amekuwa mrefu!" Na ukumbi ulikuwa na watu, na wote walijua jinsi nilivyokuwa nikijigamba kwamba mwanangu wa London ananipenda, ataniletea mkwe. Nikamwambia, "Hapana. Ni kijana wa London tu. Simjui." Akaniuliza tena, hakusikia vizuri. Nikarudia kwa sauti. Ilibidi nipige kelele, Clifford. "SIMJUI." Kila mtu alisikia.

Kwa hiyo tulikukana sote wawili asubuhi moja, wewe mimi na mimi wewe, kwenye kaunta ile ile. Nimekuwa nikiona haya tangu siku hiyo, na hata kanisani sijaweza kulisema. Huwezi kulala stesheni. Chumba chako kina rangi mpya tangu mwaka jana na hakuna aliyeichafua.

Bi Tordoff amepona, ila nimebadilishana naye. Jumamosi tarehe 7 Desemba nitakuwa zamu mimi. Njoo saa nne, pamoja nao, kupitia mlango wa mbele. Mwambie mama yake Rosalind nami nimesema mabaya kuliko banda la kuku kuhusu maji yale. Nitamimina glasi. Halafu nitakuuliza mbele ya watu wote, kwa sauti yangu ya kazini, kama ni mara yako ya kwanza kuja mji wetu.

Unijibu kwa sauti kubwa. Bibi Ackroyd nitamweka karibu na jiko, na sikio litakalokuelekea ni lile la kushoto, lisilosikia.

Shangazi yako, aliye hai,
Ivy